CHETI KILICHOFICHWA SANDUKUNI

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Siku moja baada ya sala ya alasiri alinijia mama mmoja wa mtaani petu, bahasha ya khaki kaibana kwapani. Alikaa barazani, akaamkia kama ilivyo dasturi, kisha akaifungua bahasha ile kwa uangalifu mkubwa akatoa karatasi moja. Ilikuwa ni cheti cha ualimu wa watoto wadogo, cha binti yake, ambaye aliwahi kukaa mbele yangu juu ya mkeka akisoma Juzuu Amma.

"Maalim," akasema, "mwanafunzi wako amesoma, na Mwenyezi Mungu amemjaalia kafaulu. Karatasi ndiyo hii. Miaka miwili imo sandukuni pamoja na leso zangu na cheti changu cha ndoa. Babake asema ni kazi ya kufuta watoto makamasi, haikutaka kusomewa. Nami sijui yatakiwa kufanywa nini baada yake. Niambie."

Sikuwa na jawabu ya kumpa jioni ile. Mimi mwenyewe nimesoma chuoni na skuli ya msingi tu, na mambo ya vyeti na afisi si fani yangu. Lakini nilimwahidi kuuliza, nikauliza kwa wanaojua, na haya niliyoyapata naona si haki kumpa yeye peke yake, kwani najua masanduku mengi katika miji yetu yaliyo na karatasi kama ile.

Kwanza na tumjibu baba. Kazi hii anayoiita ya makamasi ina nasaba bora kuliko anavyodhani. Bwana Mtume (s.a.w.) alisali akiwa amembeba Umama, mjukuu wake, akisujudu humweka chini, na akisimama humbeba tena. Aliposikia mtoto analia nyuma ya safu aliifupisha sala kwa kumhurumia mama yake. Baada ya vita vya Badri, mateka waliojua kuandika na hawakuwa na mali ya kujikombolea walitakiwa wafundishe watoto wa Madina, na hiyo ikawa ndiyo fidia yao. Tafakari, ndugu yangu: uhuru wa mtu mzima ulipimwa kwa watoto kujua herufi. Na Bi Shifaa binti Abdillahi, mwanamke wa Kikureshi, ndiye aliyemfundisha kuandika mama wa Waislamu, Bi Hafsa. Imamu Ghazali naye katika Ihyaa amesisitiza kuwa mtoto atokapo chuoni aachiwe acheze mchezo mwema, kwani kumkazia masomo bila ya mapumziko kwaufisha moyo wake na kumfanya atafute hila za kutoroka. Sisi maalimu wa mkeka na bakora tuliisoma Ihyaa, lakini ukurasa ule tuliupita mbio.

Tena si jambo geni hapa pwani. Katika miaka ya 1980 Waislamu wa Mombasa waliona kuwa watoto wao wanafika darasa la kwanza wakiwa nyuma ya wenzao. Chuoni wamehifadhi sura, lakini skulini hawajui pa kuanzia. Kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, mwalimu wa papa hapa Mombasa, Bi Swafiya Said, akaanza kuwakusanya wanawake wa mitaani na kuwafunza namna ya kusomesha watoto wadogo, dini na elimu ya dunia pamoja, kwa vifaa vya kwetu: vifuu vya nazi, makombe ya baharini, vizibo vya chupa, ukili. Skuli ya kwanza ya namna hii ilifunguliwa mwaka 1986. Mwaka 1990 mpango ukavuka kwenda Unguja, na mwaka 1993 ukafika Uganda. Baadaye wataalamu, miongoni mwao wa Chuo Kikuu cha Oxford, waliwapima watoto wa nchi hizi tatu, na katika maandiko yao ya mwaka 2008 na 2011 walieleza kuwa watoto waliopitia skuli za awali waliwapita waliobakia majumbani, na wale wa skuli hizi za madrasa waliendelea zaidi kuliko wa skuli nyengine za awali. Wengi wa wanawake wale wa mwanzo hawakuwa na elimu kubwa. Walianza kwa kukaa chini na watoto, na baadhi yao walipanda hata wakawa ni wao wanaowafunza walimu wenzao.

Nami nina kisa changu, ambacho sikipendi lakini nitakisema. Miaka kadhaa nyuma palikuwa na kijana wa miaka mitano katika madrasa niliyokuwa nikisomesha. Nikimwita hasikii. Nikimwambia rudia, arudia kinyume. Nilimhesabu kuwa ni mkaidi, nikamtia adabu kama nilivyotiwa mimi. Palikuwa pia na mwalimu mmoja wa kike, kijana, aliyesomea kazi hii, akisomesha darasa la watoto wadogo asubuhi. Alimchukua yule mtoto wiki moja tu, kisha akanijia kwa adabu akaniambia, "Maalim, naona huyu hasikii upande wa kushoto, na wa kulia asikia kidogo. Akiona midomo yangu, ajibu." Akamhamishia mbele, akawaambia wazee wake wampeleke kupimwa masikio, na ikawa ni kweli. Mimi nilikuwa nikimpiga mtoto kwa sababu ya masikio yake. Astaghfirullah. Tangu siku ile sikudhani tena kuwa cheti kile ni karatasi ya makamasi.

Sasa tuje katika njia zenyewe, na nitasema ya Kenya kwa kuwa ndiko niliko. Ndugu zetu wa Tanganyika, na wa Unguja ambako madarasa haya huitwa ya maandalizi, wana taratibu zao na yafaa waulize kwao.

Jambo la kwanza ni kuhakikisha kuwa cheti ni cheti. Wako vijana walio na karatasi ya matokeo tu wakidhani wamemaliza, na cheti chenyewe kimebaki chuoni walikosomea kwa sababu ya deni la karo. Deni hilo lilipwe, hata kwa kidogo kidogo, kwani karatasi ya matokeo haitamfikisha mbali. Kisha majina yatazamwe. Hapa ndipo sisi Waislamu tunapoumia sana kwa uzembe wa miaka mingi. Cheti cha kuzaliwa chasema Fatma, cheti cha skuli Fatuma, na kitambulisho Fatumah; baba ni Mohamed huku na Muhammad kule; na pengine jina la babu limeingia katika karatasi moja na kuwachwa katika nyengine. Kwetu ni mtu mmoja, lakini mwenye afisi aona watu watatu. Herufi moja yaweza kumzuia mtu miezi. Mwenye tatizo hili na ende kwa wakili akafanye hati ya kiapo, au akatengenezewe majina kisheria, kabla hajaitwa popote. Asingoje siku ya kuitwa kazini.

Jambo la pili, na hili ndilo lililokuwa limesahauliwa na mama wa bahasha, ni kuandikishwa. Kwa sheria ya mwaka 2012 ya Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, mtu haruhusiwi kusomesha katika skuli ya Kenya bila ya kuandikishwa na Tume hiyo kuwa ni mwalimu. Wengi hudhani kuwa Tume ni ya wale inaowalipa mshahara tu. Sivyo. Kuandikishwa ni mbali, na kuajiriwa ni mbali. Mwalimu wa watoto wadogo hatalipwa na Tume, lakini jina lake lapasa liwemo katika daftari lake. Maombi hufanywa kwa njia ya intaneti, na hutakiwa cheti cha ualimu na vya skuli, kitambulisho, namba ya kodi, picha, fomu ya afya iliyojazwa na daktari, na hati ya tabia njema itolewayo na polisi baada ya kuchukuliwa alama za vidole. Hati hiyo ya polisi ndiyo ichukuayo siku nyingi, basi ianzwe mbele. Ada ya kila kitu hulipwa kwa njia ya serikali na risiti hutoka. Mtu akikwambia mpe yeye pesa mkononi "aharakishe", ujue kuwa anakuuzia rushwa, na wajua hukumu yake kwa anayetoa na anayepokea.

Baada ya hapo ndipo kazi. Katiba ya mwaka 2010 iliweka elimu ya awali mikononi mwa serikali za kaunti, na tangu mwaka 2013 kaunti ndizo zenye kuajiri walimu wa madarasa haya, PP1 na PP2, ya watoto wa miaka minne na mitano. Nafasi hutangazwa magazetini na katika kurasa za kaunti zenyewe, na muda wa kuomba ni mfupi. Hazitangazwi msikitini. Nasema hivi kwa uchungu, kwa kuwa kila zinapotoka husikia vijana wetu wakilalama kuwa wenzao wamechukuliwa, na nikiwauliza kama waliomba, huniambia hawakujua. Maimamu wetu husoma matangazo ya maulidi na ya vitu vilivyopotea. Wangeweza pia kusoma tangazo la kazi ya halali. Na aliyepata kazi ya kaunti aulize siku ya kwanza kama ni ya kudumu yenye malipo ya uzeeni au ni ya mkataba, na kama ni ya mkataba, waisha lini. Haya aulize kabla ya kutia saini, wala asione haya.

Kuna skuli za watu binafsi, ambazo hali zao ni mbali mbali mno hata siwezi kuzitia katika neno moja. Na kuna skuli zetu, zile za madrasa na za jumuiya zetu, ambazo kwa wengi wa mabinti zetu ndizo mlango wa kwanza. Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwani hapa wenye makosa si serikali wala si mabinti, bali ni sisi wazee wa kamati.

Yule mwalimu niliyewatajia, aliyeona masikio ya mtoto, hatukuwa naye muda mrefu. Nilikuwa ni mmoja wa kamati, na nayajua mahesabu. Ada ya wazee ikiingia, kwanza ulilipwa umeme, kisha maji, kisha rangi ya ukuta kwa sababu Ramadhani inakaribia, na kilichobaki ndicho aliitiwa mwalimu. Mwezi wa likizo hakupewa kitu, tukisema hakufanya kazi. Alipokuja kuuliza tulimwambia, "Mwanangu, fungu lako liko kwa Mungu." Neno hilo lilitoka katika kinywa changu mimi. Sisi sote tuliokuwa tumekaa pale tulikuwa tumeshakula chakula cha mchana. Naye alikuwa akimlea mamake mgonjwa. Muhula uliofuata hakurudi. Alikwenda kuuza nguo dukani, na darasa lake likarejea kuimba a-e-i-o-u kwa fimbo.

Mtume (s.a.w.) ameagiza mwenye kuajiriwa apewe ujira wake kabla jasho halijakauka. Na katika hadithi ya masahaba waliomsomea aliyeumwa na mdudu kisha wakapewa kondoo, Mtume hakuwakataza ujira ule, bali alisema kuwa Kitabu cha Mwenyezi Mungu ndicho chenye kustahiki zaidi kuchukuliwa malipo. Basi ni nani aliyetuambia kuwa thawabu za mwalimu zinalipa kodi ya nyumba? Thawabu ni za Mola kutoa. Mshahara ni wetu. Kamati isichanganye mikoba hii miwili.

Kwa hivyo nawanasihi mabinti, na vijana wanaume pia, maana nao wako na si aibu kwao: mkiitwa na kamati za madrasa, itikieni, lakini muombe maandiko. Karatasi moja yatosha, yenye kueleza mshahara ni kiasi gani, walipwa siku gani, likizo ina malipo au haina, na watoto ni wangapi. Nimeona mwalimu mmoja kapewa watoto zaidi ya khamsini katika chumba kimoja chenye dirisha moja. Huyo hakupewa darasa, alipewa zamu ya ulinzi. Na kamati ikisema, "Sisi ni ndugu, hatuandikiani," mkumbushe aya ya deni katika Suratul Baqara, ambayo ndiyo aya ndefu kupita zote katika Qur'ani, na Mola ameamrisha humo kuandikiana. Aliowaamrisha ni waumini, ambao ni ndugu.

Na wakati akisubiri, mwenye cheti asikae bure. Cheti bila mkono hukauka. Akusanye vifaa vyake mwenyewe, picha alizochora, hadithi alizozitunga, michezo ya hisabu ya kete na kokoto, aviweke pamoja. Siku ya kuulizwa, mwenye kuonyesha kazi yake hutangulia. Saa mbili za kujitolea katika darasa lenye mwalimu hodari zina faida kubwa, ila ziwe na mwisho unaojulikana, zisigeuke kuwa miaka.

Kupanda zaidi kuko. Mwaka 2021 yalianza mafunzo mapya ya diploma ya ualimu wa awali katika vyuo vya ualimu, na mlango uliwekwa katika daraja ya C ya mtihani wa kidato cha nne. Mwenye cheti na daraja ndogo kuliko hiyo asikate tamaa, lakini asilipe shilingi moja kabla ya kukiuliza chuo mambo mawili: kimesajiliwa na nani, na mtihani wake wa mwisho watungwa na nani. Chuo kikijibu kwa kuzunguka, na aondoke. Viko vyuo vya ghorofa moja juu ya duka la simu vinavyotoa joho na picha nzuri, na cheti ambacho hakuna afisi itakayokipokea. Baada ya diploma kuna shahada. Chuo Kikuu cha Kenyatta husomesha elimu ya watoto wadogo. Na kwa yule ambaye moyo wake wawaelekea watoto wenye ulemavu, kuna Chuo cha Elimu Maalumu, KISE, kilicho Nairobi tangu mwaka 1986, ambacho husomesha pia wakati wa likizo kwa walio kazini. Katika miji yetu watoto hawa bado wafichwa ndani, na walimu wanaojua lugha ya ishara na aya ya Qur'ani pamoja ni wachache mno. Lau ningekuwa na miaka ishirini na mitano leo, njia hiyo ndiyo ningeifuata.

Wako wanaouliza juu ya kufungua skuli yao wenyewe. Yawezekana, lakini si katika mwaka wa kwanza. Skuli yataka kusajiliwa, yataka kukaguliwa na watu wa afya, vyoo, maji, na uzio. Na zaidi ya yote yataka mtu aliyekwisha kuona namna ada isivyolipwa. Asomeshe kwanza chini ya mwengine.

Limebaki la ndoa, nalo nitalisema kwa ufupi kwa kuwa wazee hawapendi kulizungumza. Binti mwenye cheti akiposwa, jambo la kazi lizungumzwe kabla ya nikahi, mbele ya walii, wala lisingojewe baada ya fungate. Nimesuluhisha magomvi mengi ya nyumba, na kadhaa katika hayo yalikuwa ni haya: mume alidhani ataacha, mke alidhani ataendelea, na hakuna aliyeuliza. Kazi ya asubuhi ya watoto wadogo yapatana na nyumba kuliko kazi nyingi. Adhuhuri mwalimu yuko kwake. Mposaji asiyeitaka aseme mapema, naye binti apate kuchagua akijua.

Mama wa bahasha nilimweleza haya, akaniomba nimweleze na mumewe. Nilikwenda baada ya isha. Yule bwana ni rika langu, tulisoma chuo kimoja, na bakora tulizipokea pamoja. Sikumtolea dalili nyingi. Nilimhadithia juu ya mtoto wa masikio, na mimi nilifanya nini. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza, "Hizo alama za vidole zachukuliwa wapi?" Nikamwambia Huduma Centre. Akauliza kama lazima binti ende peke yake.

Jumatatu walikwenda wote wawili tangu asubuhi, wakakaa foleni hadi karibu na adhuhuri. Jina la baba katika cheti lina herufi moja zaidi kuliko la kitambulisho, basi sasa wako kwa wakili.